Picha Ambayo Bisimwa Hakuifuta

Jumamosi ile soko la Nakasero lilijaa watu waliokuwa wakiulizia sukari isiyokuwapo. Bisimwa alijikwaa kwenye gunia la viazi, na kopo lake la rangi nyekundu likalimwagikia gauni la msichana aliyekuwa mbele yake. Lilikuwa gauni la manjano, refu hadi kwenye vifundo vya miguu kama serikali ilivyoamuru.

"Pole sana, mama! Nisamehe, mama!"

"Mama? Mimi nilikuzaa lini?" Msichana aliliangalia doa, akachovya kidole humo, kisha akampaka Bisimwa puani. "Haya, sasa tuko sawa."

Akaangua kicheko. Bisimwa hakujua acheke au akimbie.

Alikuwa mchora mabango, Mkongo wa Bukavu, aliyepanga chumba nyuma ya duka moja pale Mengo. Tangu Wahindi wafukuzwe, wenye maduka wapya walimfuata awaandikie majina yao, na herufi zake zilinyooka kuliko za fundi yeyote. Lakini picha alizojichorea mwenyewe hakuna aliyewahi kuziona. Kila moja aliiona ina kasoro, akaikwangua kwa kisu.

Msichana aliitwa Anena, Mwacholi, opareta wa simu katika kampuni ya bima. Alikuwa akiishi na kaka yake Olweny, askari wa jeshi. Haukupita muda, Bisimwa akawa anaazima simu ya dukani kila siku.

"Nipe opareta mrembo."

"Laini yake haina nafasi, bwana. Anaongea na Mkongo mmoja msumbufu."

"Huyo Mkongo anampenda."

"Mwambie amchore basi, tuone!"

Ndipo matatizo yalipoanza. Kila Jumapili Anena alikaa dirishani chumbani kwa Bisimwa, nywele zimesukwa vizuri, na kila Jumapili iliyofuata alikuta ubao mtupu.

"Iko wapi?"

"Bado. Pua haikukaa vizuri."

"Pua yangu?"

Siku moja Anena alifika mapema, akamkuta Bisimwa ameukazia kisu uso wa Anena uliochorwa pale ubaoni, akinong'ona, "Hapana, siye huyu."

"Siye?" Anena akauliza kutoka mlangoni. "Basi ndiye nani?"

Akageuka, akaenda zake. Bisimwa alibaki na kisu mkononi. Angemwelezaje kwamba alijiapia kumposa siku picha itakapokamilika? Kesho yake akapiga simu.

"Anena, sheri, mpenzi wangu, sikuwa na maana ile..."

"Nambari unayopiga haijibu," alisema Anena kwa sauti yake ya kazini, akakata.

Bisimwa hakuelewa kama anatakiwa kumfuata au kumwacha apoe. Akarudi kukwangua.

Kisha ikaja Februari ya sabini na saba. Askari wa Kiacholi, walioshukiwa kuipinga serikali, wakawa wanachukuliwa kambini na hawarudi. Olweny naye akachukuliwa. Alasiri moja Anena akatokea mlangoni kwa Bisimwa na kifurushi kidogo, macho yamevimba.

"Kuna lori la mahindi linakwenda Busia, mpakani, jioni hii. Nikivuka nitakuwa Kenya. Hapa kwako nimekuja... sijui nimekuja kufanya nini."

Anena alikaa chini, akasimama, akaokota brashi. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa akachora kichwa kama kiazi, chenye masikio makubwa mno.

"Huyo nani?"

"Wewe. Fundi asiyekosea."

"Masikio hayo?"

"Unayo."

Mkono wa Bisimwa ukakimbilia kitambaa cha kufutia. Akausimamisha. Akachukua brashi nyingine, na bila kupima chochote akamchora Anena kando ya kile kiazi: shingo ndefu kupita kiasi, jicho moja kubwa kuliko jingine. Anena akaiongezea picha hiyo pembe. Bisimwa akaivisha viatu. Rangi ikachuruzika hadi sakafuni, nao wakachuruzika rangi vilevile. Anena akacheka, kicheko kikageuka kilio, kisha hata yeye hakujua ni kipi kati ya hivyo.

Bisimwa akautazama ukuta. Lile jicho kubwa lilikuwa linataniana naye. Alikuwa ndiye, Anena mwenyewe, na hakuelewa amempata vipi.

"Nilikuwa nangoja picha itimie," akasema, "ndipo nikuombe unioe. Yaani, nikuoe mimi."

"Hilo ndilo ulilokuwa unalingojea?"

"Ndilo."

"Mjinga wewe!" Akampiga kifuani kwa kiganja chenye rangi, kisha akakiacha palepale. "Unioe wapi, Bisimwa? Sijui hata nitalala wapi."

"Mimi pia sijui. Ila nakuja nawe."

"Utafanya kazi gani huko?"

"Sijui."

"Na tukikamatwa njiani?"

Bisimwa akainua mabega. Anena akajipangusa macho.

"Basi twende hivyohivyo, sote hatujui."

Bisimwa akavaa koti, akamchukulia kifurushi. Mlango hakuufunga. Aliuacha ule ukuta na rangi yake mbichi, autazame yeyote atakayepita.