Sauti ya Tangi la Saba

Ilikuwa karibu saa sita mchana redio iliposema, "Tangi la saba, niko salama." Sauti ilikuwa ya mpimaji wa matangi, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba mpimaji mwenyewe alikuwa ameketi palepale chumba cha redio, mdomo umejaa mkate, mbele ya shemeji yake, mtu wa redio.

Mtu wa redio alimtazama. Mpimaji akameza bila kutafuna.

"Shemeji, umejirekodi?"

"Mimi? Hata saa ya kuniamsha ananitegea dada yako."

Hawakucheka.

Zamani, katika bohari ile ya mafuta, kila tangi lilipandwa na watu wawili. Kisha wakubwa wakaona mmoja anatosha, mradi aitwe kwa redio kila baada ya dakika kumi. Asipojibu, king'ora kinalia, waokoaji wanapanda. Simu haiingii, kiberiti hakiingii, maana mvuke wa petroli pale unangoja cheche moja tu uwarushe wote hadi magazetini. Sheria nzuri, lakini wafanyakazi ni watu. Mmoja akitaka kujinyoosha kivulini, mwenzake anamjibia: "Salama." Ndivyo alivyojibiwa fundi wa pampu, mara nne mfululizo, kumbe amelala juu ya tangi la saba, mvuke umemlevya, roho imeshatoka.

Aliyemjibia alikuwa mpimaji.

"Tangu siku ile," alinong'ona mpimaji, "kuna kitu kimejifunza kazi yangu."

Walimwambia meneja. Meneja akaandika kwenye karatasi: badilisha betri.

Basi wakamleta mganga, mzee mfupi mwenye chetezo cha ubani. Mlinzi wa geti alimsimamisha kwa mbali.

"Mzee, hicho ni nini?"

"Makaa. Bila moshi hatoki."

"Na ukiingia na moshi, tunatoka sote, tena kwa kupaa."

Mganga alivuta hewa kwa pua, akarudi nyuma hatua tatu, nyepesi kwa umri wake. Akasema kwa sauti ya chini, "Amechagua pa kukaa. Sijui mahali pengine ambapo moto wangu hauwezi kumfuata. Na mlimfundisha wenyewe kujibia watu. Sina dawa." Hela yao aliirudisha. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Zamu ya mpimaji ya kupanda tangi la saba ilipofika tena, mtu wa redio alimwambia, "Usipande."

"Nisipopanda atapanda mwingine, asiyejua lolote. Tayari nimeshaua mmoja, shemeji." Mpimaji alijifunga kiunoni nyundo yake ya shaba, ile isiyotoa cheche. "Redio usiisadiki. Kila ukiniita, nitagonga bomba mara tatu. Ukisikia nyundo, ndiyo mimi. Usiposikia, piga king'ora, usiulize."

Alipanda jua likiwa utosini. Wito wa kwanza redio ilisema, "Niko salama," na kupitia dirisha nyundo ikagonga mara tatu. Wa pili vilevile. Mtu wa redio akaanza kupumua kama binadamu.

Wito wa tatu, kabla hajauliza, redio ilicheka.

"Shemeji, mbona sauti imekonda? Au dada yangu hakupikii?"

Ulikuwa utani wa kila siku, lakini msemaji aliukosea: ni mtu wa redio ndiye humtania mpimaji hivyo, kwa sababu dada ni wake. Nyundo ikagonga mara tatu, taratibu, na safari hii mlio haukutoka juu kwenye bomba bali ndani, chini kabisa, kwenye sakafu ya tangi lililojaa mafuta hadi shingoni, ambako hakuna mtu mwenye pumzi angeweza kusimama, na harufu ya petroli ikaingia dirishani nzito kama blanketi lililoloa, na mkono wa mtu wa redio ulipofika kwenye kitufe cha king'ora redio ikamsihi, "Usinitie aibu, shemeji, niko salama," kwa upole uleule aliokuwa akiusikia miaka yote mezani kwao, naye, Mungu amsamehe, akasita.

Alisita kitambo kidogo tu. Kisha akabonyeza.

Waokoaji walimkuta mpimaji amelala juu ya tangi, kando ya mfuniko, mwili umepoa kabisa. Nyundo ilikuwa bado imefungwa kiunoni, na fundo halikuwa limefunguliwa hata mara moja.

Mtu wa redio alitoka nje ya geti, ambako simu inaruhusiwa, akampigia dada yake.

"Dada, kaa chini kwanza."

"Nikae vipi, na mume wangu anabisha hodi? Leo kawahi. Anasema yuko salama."

"Usimjibu. Dada, nakuomba, usifungue mlango."

Akasikia nyayo zake zikienda dirishani. Aliporudi, dada alinong'ona, midomo imegusa simu.

"Mdogo wangu, wewe uko wapi?"

"Niko getini, kazini."

"Basi ni nani huyu aliyesimama naye hapa nje, ananiambia kwa sauti yako nifungue?"

Alifumbua mdomo amjibu. Kabla neno halijatoka, akajisikia mwenyewe, upande ule wa pili wa simu, anaongea kwa uchangamfu.

"Ni mimi, dada."

Kisha akasikia komeo likivutwa.