Uvimbe Kando ya Ukucha

Fundi alikuwa akikanyaga cherehani tangu asubuhi, na mdomo wake haukupumzika pia. Alimtania kila mteja. Lakini kitambaa kilipogusa kidole chake cha shahada, kicheko kilikatika. Chini ya plasta, kando ya ukucha, palikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya mahindi. Ulianza mdogo mwaka juzi. Sasa ulikuwa umeuinua ukucha.

Wifi yake, muuguzi wa zahanati, alipitia kuchukua sare. Plasta ilikuwa imebanduka. Akaona uzi mweusi umezungushwa kwenye kidole.

"Wifi, nini hiki?"

"Nimeufunga kwa uzi wa majinzi. Utanyauka, uanguke wenyewe."

"We! Kidole si pindo la suruali. Ukibana hivyo damu haipiti, kitaoza!" Akanyakua mkasi, akaukata uzi.

Fundi akakificha kidole kiganjani. "Wifi, naogopa. Wakisema saratani, watakikata kidole. Nitashonea nini?"

"Vivimbe vingi vya hapo si saratani. Lakini kwa macho tu hakuna ajuaye, si mimi si wewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho twende."

Walikwenda hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa ni mzima. Daktari wa upasuaji alimchoma sindano ya ganzi, akaondoa kipande cha ukucha, akautoa uvimbe wote na mzizi wake.

"Tumemaliza?" Fundi aliuliza.

"Bado. Uvimbe huu unakwenda maabara, ukaangaliwe kwa darubini. Hapo ndipo tutajua ni nini."

Kusubiri kulimtesa kuliko kisu. Alimfokea hata wifi yake, kisha akamwomba radhi.

Siku ya majibu walikaa bega kwa bega. Daktari aliisoma karatasi polepole.

"Ni uvimbe wa nyama laini, wa nadra. Si saratani."

"Rudia, daktari."

"Si saratani. Ila unaweza kuota tena. Ukiona dalili yoyote, njoo mara moja."

Wifi, aliyejikaza muda wote, ndiye aliyeangua kilio.

Sasa ukucha umeota upya, umepinda kidogo. Juzi mteja mmoja alimshauri aufiche kwa rangi.

"Nifiche tena?" Fundi akamjibu. "Niliwahi kuficha, nusura nikose kidole."