Utando wa Samiha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Samiha aliosha vyombo, akampelekea bibi yake chai, kisha akachungulia chupa ya kioo aliyoiweka chini ya meza. Ndani mlikuwa na chai ya sukari iliyochachuka. Juu yake ulielea utando mweupe, mzito, unaoteleza.

Mwalimu Revelian, msimamizi wa klabu ya sayansi shuleni kwao Mtoni, alikuwa amewafundisha kuutengeneza.

"Hii ni selulosi," aliwaambia. "Bakteria huisuka kwa nyuzi nyembamba zaidi kuliko unywele, ziitwazo nanoselulosi. Hospitalini zipo bandeji za vidonda zilizotengenezwa kwa nyuzi kama hizi."

Wiki ile ile, Bibi Mwanakombo alimwagikiwa mafuta ya moto mkononi akikaanga bagia. Katika kituo cha afya, nesi Zubeda alisafisha kidonda, akakifunika kwa utando mwembamba aliouchomoa kwenye pakiti, kisha akafunga bandeji juu yake.

"Ni ile selulosi!" Samiha alinong'ona kwa furaha.

"Msiiguse mpaka Jumatatu," nesi alisema. "Ikibanduka, njooni hapa mara moja."

Jumamosi, mama yake Samiha akiwa kazini, Bibi alikuwa akitawadha, bandeji ikalowa na utando ukabanduka.

"Twende kwa nesi, Bibi."

"Na jua lote hili? Nitakwenda Jumatatu, mwanangu."

Samiha akatazama chini ya meza. "Mie ninao kama ule ule."

Aliusuuza utando wake kwa maji, akaukata kwa mkasi, akauweka juu ya kidonda na kufunga bandeji safi. Bibi akacheka. "Mjukuu wangu daktari!"

Jumapili Bibi alikataa chakula. Jumatatu asubuhi alikuwa anatetemeka kwa homa, hata majina anayachanganya. Mama akaita bajaji, wakampeleka mbio.

Nesi Zubeda alipofungua bandeji, harufu mbaya ilijaa chumbani. Mkono ulikuwa umevimba, usaha umeufunika utando hata hautambuliki. Mama akajishika kichwa.

"Haiwezekani!" nesi alisema. "Bandeji hii imesajiliwa, na wagonjwa wote wanaendelea vizuri." Akachukua fomu ya kuripoti madhara ya vifaa tiba, akaanza kuandika namba ya toleo la bandeji. Kisha akamwita mwenzake: "Isack! Yule mtoto aliyeungua mguu usimfunge utando. Tunasimamisha zote mpaka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ichunguze."

Nje, mtoto yule alikuwa akilia kwa maumivu. Samiha alimsikia.

"Nesi, usiandike," alisema, sauti ikikatika. "Si utando wenu. Ule ulibanduka. Huo nimeutengeneza mie, kwa chai, nyumbani."

Kalamu ilisimama. Mama alimgeukia binti yake. Nesi Zubeda akaiweka fomu kando, kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari.

"Isack," aliita, "mfunge mtoto." Kisha akausafisha mkono wa Bibi na kumwanzishia dawa za sindano.

Bibi alilazwa siku tano. Siku aliyoruhusiwa, nesi alimkalisha Samiha kando yake.

"Mwalimu wako hakukosea, selulosi ni ile ile," alisema. "Lakini yetu imesafishwa, vijidudu vyote vimeuawa, imepimwa isidhuru mwili, ndipo ikasajiliwa. Yako ilikuwa na vijidudu vya kwenye chupa, na kidonda kibichi ni mlango wazi. Kitu kikifanana na dawa hakijawa dawa. Ulifanya kosa kubwa, Samiha, na bibi yako angeweza kufa."

Samiha aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Ila ungenyamaza, fomu yangu ingebeba uongo, na wagonjwa wangekosa bandeji nzuri bila sababu. Unayependa sayansi, jua hili: ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Ukweli wako ndio uliotuonyesha cha kutibu."