Mliokula Biriani ya Kauthar

Usigeuze shingo. Wewe, ndiyo, wewe. Mwaka tisini na tisa ulikuwa Guangzhou, chumba cha pili pale mtaa wa Dengfeng. Ukanusa biriani, ukauliza nani anaoa, ukaambiwa nyamaza. Ukanyamaza. Sahani lakini uliipokea.

Basi leo utasikiliza.

Kauthar wa Unguja alikuwa akinunua nguo za jumla soko la Shisanhang. Abdulhadi wa Dar akamuoa kwa siri. Baba yake bibi harusi alitoa idhini kwa simu. Mashahidi walikuwa Haidar na Ghalib, na Abdulhadi akawaapisha wasiseme neno mpaka mke mkubwa, Dalila, aambiwe. Shahidi wa kuapishwa kunyamaza! Nanyi mkaita hekima.

Dalila hakuambiwa. Kauthar akinung'unika, Abdulhadi akampeleka matembezi kumpoza: asubuhi kaburi la mfalme wa kale, mchana chemchemi za maji moto za Conghua.

Kule kaburini, ndani ya kilima, Kauthar akasimama kwenye chumba cha wake za mfalme.

"Hawa walikufa na nini?"

"Waliuliwa wamfuate bwana wao."

"Wote?"

"Wote. Na watumishi."

"Na huu?" Akaonyesha muhuri wa dhahabu ndani ya kioo.

"Wa mmoja wao. Cheo chake cha mke wa mfalme."

Kauthar akacheka kicheko kikavu. "Maiti ana cha kuonyesha, Abdulhadi. Mimi mzima sina."

"Ushaanza."

"Nina mimba."

Abdulhadi akatazama huku na huku, utadhani waliokufa wangemsikia.

"Tutazungumza hukohuko kwenye maji."

Conghua mvuke ulikuwa ukipanda katikati ya mawe. Kauthar akakunja buibui, akatia miguu majini. Hata hajavuta pumzi, sauti ikaanguka nyuma yao:

"Hadi! Kumbe na wewe unajipikisha huku!"

Alikuwa Sostenes, mfanyabiashara wa Moshi. Kila akirudi nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea Dalila mizigo ya mumewe.

"Shemeji, hujambo?" akamwambia Kauthar, nusu utani. "Au nimekosea?"

Kauthar akamgeukia Abdulhadi. Alimwachia mumewe nafasi.

"Umekosea, bwana," Abdulhadi akasema. "Huyu pengyou tu."

Pengyou. Rafiki. Ndivyo wauzaji wa Shisanhang wanavyomwita kila mpita njia, hata asiyenunua soksi.

Kauthar akatoa miguu majini.

"Sostenes, mimi mke wake. Nina mimba yake."

"Hadi, kweli?"

"Achana naye. Wanawake wa safari unawajua."

Hakumpiga. Alivaa viatu juu ya miguu iliyolowa, akaenda mapokezi ya hoteli, akaomba simu. Sostenes akamfuata.

"Haidar, kaka yangu, Abdulhadi kanikana mbele ya watu. Sostenes yuko hapa. Mwambie ulichoshuhudia."

Dukani kwa Haidar kikokotoo kilikuwa kikilia.

"Bibi, mimi niliapishwa."

"Uliapishwa kuficha. Nani alikuapisha uongo?"

"Mimi nakumbuka biriani tu, bibi. Ilikuwa tamu."

Akakata simu. Ghalib hakupokea kabisa.

Sostenes akainamisha kichwa. "Dada, mimi ningesemaje? Sikuwepo."

"Wewe hukuwepo," Kauthar akamjibu. "Waliokuwepo je?"

Alirudi Unguja na tumbo lake. Baba yake, aliyetoa idhini, akafa kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto akapewa jina Bimkubwa. Mtaani wakamwita mtoto wa kontena, eti kaja na mizigo ya China. Nyinyi mlisikia. Mlicheka.

Sasa Bimkubwa anaolewa, Ijumaa hii. Watu wa upande wa mume wamekuja kwa Kauthar, wamekaa barazani.

"Binti wa nani huyu, tumtaje kwenye ndoa?"

"Wa Abdulhadi."

"Abdulhadi tumempigia. Anasema hamjui."

"Nilikuwa mke wake."

"Lete shahidi, mama. Bila shahidi, tunavunja."

Bimkubwa yuko chumba cha ndani, mkono mmoja umepakwa hina, wa pili mtupu. Wapakaji wamesimama. Wanangoja.

Ghalib, uko hai. Haidar, uko hai, na sauti unayo, kila Ramadhani tunasikia mawaidha yako. Kiapo cha kumzika mtu mzima si kiapo, kivunjeni. Na wewe unayesoma, hukuapishwa na mtu. Piga simu nyumbani kwa Kauthar, wakupe watu wa bwana harusi. Waambie: nilikuwepo, ilikuwa ndoa. Taja na jina lako. Leo hii, kabla watu wale hawajainuka barazani.