Chupa Tatu za Warfa

Mama alinituma maziwa ya ngamia kabla ya magharibi. Sikuyafikia. Chumba cha gemu cha Warfa kilikuwa wazi, na Warfa mwenyewe yumo ndani, peke yake.

Huyu mtu nilimchukia! Zamani aliendesha boza, lori la kubeba maji, kule Tarbaj. Mwaka wa ukame kaka yangu Yakub alisimama barabarani, akampungia mkono akiomba maji. Warfa akapita tu. Tulimzika Yakub midomo imepasuka.

"Kaa, walal, kaa ndugu yangu," Warfa akaniambia. "Kuna gemu mpya ya mashetani. Tuone nani atatoka hai."

Kila mmoja alikuwa na skrini na hedifoni yake, na ndani ya gemu chupa tatu za maji, risasi nne, na tochi yenye betri kidogo. Wallahi, mimi najua kucheza. Nilizima tochi, nikapapasa kuta. Risasi sikupoteza hata moja. Maji nilikunywa chupa moja tu, uhai ulipobaki kidogo kabisa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kwenye skrini, mlangoni, mtu amejifunika shuka usoni. "Maji," akanong'ona.

"Usimpe!" Warfa akacheka. "Ukimpa umekwisha. Mimi wangu nimemfungia mlango."

Kwetu mtu akiomba maji humuulizi jina. Vidole vyangu vilitoa chupa zote mbili kabla sijafikiri. Akanywa. Nikangoja kufa kwenye gemu... Badala yake, sauti kwenye hedifoni.

"Na yule?"

Ilikuwa sauti ya Yakub.

Ningeweza kunyamaza.

"Amekunyima," nikamjibu. "Mara mbili sasa."

Taa zikazima, zikawaka. Chumba kikanuka vumbi la kiangazi. Skrini ya Warfa ilionyesha ameshinda, chupa zake tatu zimejaa. Mwenyewe amejishika koo, na midomo yake ilikuwa inapasuka huku naiona.

"Aweys... biyo. Maji."

Jerikeni la maji lilikuwa miguuni pangu. Nikalisukuma mbali kwa kisigino. Nikakaa, nikamtazama mpaka alipoacha kuhema.

Daktari alisema ni joto. Joto gani, na feni ilikuwa inazunguka?

Sijuti. Ila kila magharibi mtu hugonga kwetu, anaomba maji. Mama hasikii kitu. Mimi najaza kikombe, nasimama nyuma ya mlango, nauliza, "Wewe ni nani?"

Anagonga tena.

Basi sifungui.