Numero ya Mama Apolline

Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita tangu volkano iteketeze katikati ya mji wa Goma. Watu walikuwa wanajenga tena juu ya mawe meusi. Mama Apolline, fundi wa magauni ya arusi, alipoteza duka lake siku ile, lakini nyumba yake katika mtaa wa Himbi ilipona.

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, Apolline alifungua kompyuta kuukuu, ordinateur kama wanavyoiita Goma, aliyopewa na shirika la wanawake. Aliiunganisha kwa waya na simu yake ya mkononi. Simu ilipiga numero ya nyumba ya enternet, na barua zikaanza kuingia polepole. Kati yazo ilikuwamo orodha ya watu waliopatikana. Apolline alitafuta jina moja tu: Umuhire, mdogo wake. Walipotezana kwenye barabara ya Sake siku ya moto, na tangu hapo vita vya waasi vilikuwa vimefunga njia.

Apolline alikuwa pia ameandika jina lake na numero yake kwenye vikaratasi. Aliwapa wachuuzi wa samaki na wachungaji wavipeleke mbali.

Siku moja, Apolline akiwa mezani na mume wake Édouard, simu ililia.

“Mama, tunajua uko na ordinateur ndani ya nyumba,” sauti ya mwanaume ilisema. “Unakaa barabara gani, avenue gani?”

Apolline alikata simu. Kesho yake yule mtu aliita tena. Keshokutwa vilevile.

“Hawa ni wezi,” Édouard alisema. “Tutupe hii numero, tununue ingine.”

“Na Umuhire akiniita, atanipata wapi?”

Walibaki na numero ile. Apolline akaanza kuizima simu mchana kutwa, na kila alipoizima aliona kama amemfungia mdogo wake mlango.

Juma lile jirani yao, muzee Donat, alikuja kuchukua gauni la binti yake. Alikuwa ametengeneza simu za mji kwa miaka mingi. Apolline alimweleza yote.

“Labda wamesoma vikaratasi vyangu,” alisema.

“Vikaratasi vinasema uko na ordinateur?”

“Hapana. Jina na numero tu.”

“Basi si vikaratasi. Sikia, mama. Ordinateur haina mdomo, lakini inapiga simu kama wewe. Ukiita mutu, numero yako inaonekana kwenye simu yake. Ordinateur ikiita, numero yako inaonekana kwa wale wa enternet. Mutu wa pale akiitoa ovyo, kila mutu anajua: mwenye hii numero iko na ordinateur.”

Walikwenda pamoja kwenye nyumba ya enternet. Ukutani, mbele ya wateja wote, palikuwa pamebandikwa karatasi yenye numero za wote walioita juma lile. Ya Apolline ilikuwa ya tatu.

“Papa,” Apolline alimwambia mkubwa wa pale, “unaweza kubandika ufunguo wa nyumba yako hapa?”

Yule mtu aliangalia karatasi, akaona haya. “Tuliiweka ili tujue nani ameita. Hatukuwaza mbali.” Aliichana mwenyewe. Tangu siku hiyo numero ziliandikwa kwenye daftari lililofungiwa ndani.

Nyumbani, Donat alimwonyesha Apolline mahali pa kuficha numero ndani ya simu yenyewe. Wakajaribu. Apolline alimpigia Donat mara ya kwanza, na numero ikaonekana. Akachagua kuificha, akapiga tena. Simu ya Donat ikalia bila numero yoyote. Apolline akacheka, akapiga tena ili aone vizuri.

“Fanya hivyo kabla ya kufungua enternet,” Donat alisema. “Nyumba zingine hazipokee numero ya kufichwa, lakini hawa wanapokea, nimewauliza. Ukimaliza, irudishe, ili watu wako wakiiona numero wakutambue. Na ujue, kampuni ya simu inaendelea kuiona.”

“Na yule mwizi? Numero yangu iko naye tayari.”

“Usiizime simu. Mutu usiyemjua akiita, usimwambie jina wala avenue. Muulize wewe. Mwizi anachoka haraka.”

Ikawa hivyo. Yule mtu aliita mara mbili, akaulizwa, akaacha kuita kabisa.

Mwezi wa sita, mchana, simu ililia. Kwenye kioo chake hakukuwa na numero.

“Acha,” Édouard alisema.

Apolline alipokea. “Allo. Nani anaita?”

Palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mbali. “Ni mimi, Umuhire.”

Apolline aliibana simu sikioni. Lakini hakutaja jina lake. “Kama ni Umuhire, sema ulivaa gauni gani siku ya arusi yako.”

“Gauni ya kuazima, ya jirani mama Uwitonze! Yangu hukuimaliza. Ukasema hakuna mutu ataona kama si yangu. Mukono ukapasuka kanisani, na mpaka leo hujaniomba musamaha.”

Apolline aliketi chini sakafuni, akicheka huku machozi yakimtoka. “Nisamehe, mudogo wangu. Nisamehe. Uko wapi?”

Umuhire alikuwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi mbali upande wa kaskazini. Mchuuzi wa samaki alimletea kikaratasi, na wauguzi waliokuja kuchanja watoto walimpa simu yao ya setilaiti, ile isiyoonyesha numero.

Njia ilipofunguka, lori la samaki lilisimama Himbi. Umuhire alishuka na mtoto wa miezi minane mgongoni, ambaye hakuna mtu Goma aliyejua kwamba amezaliwa.

“Tulimuita Prodige,” alisema.

Apolline alimpokea mtoto. Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akampima nguo palepale kando ya lori, mabega, kifua, urefu, huku majirani wakisogea na kuimba.