Meli Iliyoupa Upepo Mgongo

Naomba radhi mapema: kisa hiki nitakisimulia ovyo. Mwenyewe, shemeji yangu Kuttappan, hukisimulia kwa mikono yote miwili na nyusi zote mbili. Mimi mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, na nyusi zangu ni za kawaida tu. Nivumilieni hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo bahari ya Goa ilitulia kama uji uliopoa. Kuttappan alikuwa juu ya sitaha ya manowari ya kubebea ndege, akiipapasa Alize, ndege yao, tumboni kama mtu anayekagua nyati wa maziwa kabla ya kumnunua. Ilikuwa ya rafadha moja na watu watatu. Tangu miaka ya sitini kazi yake ilikuwa kuwinda nyambizi. Sasa ilikuwa imezeeka. Helikopta mpya zilishaanza kuinyang'anya kazi, na vijana wa helikopta hawakuwa na adabu.

"Sajini, huyo babu yako bado anaruka?" mmoja akachokoza.

"Anaruka. Wa kwako anapepesuka palepale, kama nzi juu ya halua."

Fundi akaning'iniza uzi wa ndimu na pilipili nyuma ya kiti, wa kufukuza kijicho, kama kawaida. Manati ya mvuke ikawarusha, wakapaa.

Rubani alikuwa Daruwala, Mparsi wa Bombay ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo. Kando yake Luteni Bhonsle alishika ramani. Kuttappan alikaa peke yake nyuma, na rada yake na visikilizio vyake. Lilikuwa zoezi tu: kuisaka nyambizi ya kwao wenyewe iliyojificha chini. Meli yao nayo ilijificha. Ilizima rada, ikafunga mdomo. Kwa hiyo kurudi nyumbani kulikuwa juu ya rada ya Kuttappan.

Wakadondosha maboya ya kusikilizia. Boya husikia bahari na kupeleka sauti juu. Halisemi. Halina mdomo.

Kuttappan akasikia uduvi wakitatarika, kama mafuta kikaangoni. Akatabasamu, ndiyo bahari hiyo. Kisha uduvi wote wakanyamaza kwa pamoja.

Mtu akapumua.

"Kutta," sauti ikanong'ona, kwa lugha ya kwao Kerala. "Baridi, ndugu yangu."

Ni mtu mmoja tu aliyemwita Kutta. Ouseph, rafiki yake, aliyekuwa akikalia kiti kama hicho hicho kwenye ndege nyingine. Ndege hiyo ilishindwa kupaa, ikatumbukia mbele ya meli na watu wake watatu. Hakupatikana hata mmoja.

"Afande," Kuttappan akasema, "turudi."

"Una nini? Umekula samaki wa jana?"

"Turudi, afande."

Nje, ukungu mweupe ulikuwa umeziba dunia. Daruwala akatazama geji ya mafuta, utani ukamtoka. "Haya, nipe meli. Mafuta ni ya kwenda mara moja tu. Tukikosea, tunaogelea."

Kuttappan akaitazama rada. Meli mbili.

Moja kaskazini. Moja kusini.

"Kusini," sauti ikanong'ona. "Tunakungoja."

"Sajini, ipi?" Bhonsle akauliza. Akajaribu kuiita meli kwa redio. Redio ikatoa sauti ya mapovu tu.

Doa la kusini lilikuwa kubwa, safi, karibu. La kaskazini lilikuwa hafifu, linafifia, linarudi. Mtu yeyote angechagua kusini. Kuttappan mwenyewe mdomo ulishaanza kulitamka.

Akajizuia. Akayatazama yanavyotembea. Muda wa kutua ulishafika, na muda wa kutua ukifika meli hugeuka, ikaukabili upepo, ikakimbia kwa nguvu zake zote ili ndege itue polepole na kunaswa. Upepo ulitoka kaskazini-magharibi. Doa hafifu lilikuwa linakimbilia huko huko. Doa kubwa lilikwenda kusini-mashariki, taratibu, limeupa upepo mgongo.

Hakuna meli inayopokea ndege hivyo. Waliokuwa ndani yake walishasahau kutua.

"Kaskazini, afande."

Sauti zikawa tatu. "Kusini. Kusini. Kusini." Dira ikatetemeka. Soksi za Kuttappan zikalowa. Sakafu ilikuwa kavu. Vidole vikamgusa shingo, vya baridi, polepole, kama vinatafuta mahali pa kushika.

Hapo hasira zikampanda.

"Sikiliza wewe Ouseph! Mimi huko sishuki! Nikifa, shemeji yangu mwenye domo ataeneza Kochi nzima kwamba niliuawa na woga! Kama baridi imekuchosha, panda wewe! Kaa, funga mkanda, unyamaze!"

Vidole vikaiachia shingo.

"Sajini," Daruwala akasema, kwa sauti ndogo, "unaongea na nani?"

"Na bahari, afande. Nimeikatalia."

Meli ikachomoza kutoka ukunguni, pua yake usoni mwa upepo. Ndoana ya mkiani ikanasa waya. Wakashuka watu watatu, wazima, mabuti makavu.

Mafundi walipokuja kuikunja ndege mabawa, wakakuta alama za maji zikitoka mlango wa nyuma. Mguu mmoja buti, mmoja mtupu. Chuma cha sitaha kilikuwa cha moto, lakini hazikukauka. Zikateremka ngazi. Zikapita jikoni. Zikaishia kwenye kitanda cha Kuttappan, na godoro lilikuwa limelowa umbo la mtu aliyejikunyata. Alama za kutoka hazikuwepo.

"Omba kitanda kingine, sajini," fundi akanong'ona.

"Sihami!"

Na hakuhama. Alitandika mkeka sakafuni, kando ya godoro ambalo halikukauka tena, akalala hapo mpaka mwisho wa safari. Daruwala alishuka kuona kwa macho yake.

"Nani kampa huyu kitanda chako?"

"Kosa langu, afande," Kuttappan akasema. "Nilimwambia apande. Sikumwambia ashukie wapi."